Sentensi Niliyoifuta

Kwa miezi saba nililipwa dola nne kwa kila maisha ya mtu niliyoyanyoosha.

Kazi yenyewe niliipata mtandaoni, mahali pale pale ambapo vijana wengi wa Nairobi huwaandikia Wamarekani insha zao za chuo. Hizo pia nimeandika, sikatai. Mtu aliyeacha chuo mwaka wa pili akiwaandikia watu wa mwaka wa nne, na wanapita. Lakini hii ilikuwa tofauti. Kundi moja la kutetea wahamiaji kule Marekani lilikuwa linakusanya simulizi za watu wanaoishi huko bila makaratasi. Mtu anajirekodi kwa simu akiwa jikoni, au ndani ya gari baada ya kazi, programu inageuza sauti kuwa maandishi, na maandishi yanatua kwangu Roysambu yakiwa yamevurugika, majina ya miji yamegeuka majina ya vyakula. Mimi nayapanga hadi yawe maneno 300. Maneno 300 ni dakika mbili za kusoma kwa sauti, na dakika mbili ndizo mtu anazopata mbele ya msaidizi wa mbunge kabla msaidizi hajaanza kuangalia saa.

Mwongozo wa kazi ulikuwa kurasa mbili. Anza na mtoto. Taja kazi, hasa ikiwa ni kazi ambayo Mmarekani anaiona kila siku: kulea wazee, kuchuma nyanya, kujenga. Taja kodi inayolipwa. Taja kanisa kama lipo. Usitaje mume wa kwanza. Usitaje deni la aliyemvusha mpaka. Kama kuna kesi yoyote ya polisi, hata ile ndogo ya kuendesha gari bila leseni, weka alama nyekundu utuulize. Malizia na ndoto, na kama kuna mtoto shuleni, malizia na mtoto huyo.

Siku moja nikaletewa baba mmoja. Vitu vingine nimevibadilisha hapa, kwa hivyo usijisumbue kumtafuta. Tuseme anaezeka mapaa, na tuseme ameishi huko miaka kumi na tisa. Watoto watatu, wote wamezaliwa kule kule, kwa hivyo wote ni raia. Katikati ya rekodi, bila kuulizwa na mtu, anasema kuna usiku aliendesha gari akiwa amelewa, akashikwa, akalala ndani, na tangu usiku huo hajagusa pombe. Kisha anaongeza kitu ambacho bado natembea nacho: kwamba usiku ule ndio uliomfanya awe baba. Kabla ya hapo alikuwa tu mtu anayeleta pesa nyumbani.

Niliweka alama nyekundu. Jibu likaja baada ya dakika tano: futa. Nikafuta. Simulizi ikabaki safi kabisa, na yule baba hakuwamo tena ndani yake. Alibaki mfanyakazi hodari na kodi yake.

Sasa, kama nilikosea au sikukosea, hilo si swali kubwa. Nilikuwa na keja ya kulipia. Swali linalonisumbua ni la wale walio juu yangu, watu wenye nia njema, wanaopanga harakati ya kubadilisha sheria: je, wana haki ya kuchagua ni nani ataonyesha uso wake, na ni sehemu gani ya uso huo itakayoonekana?

Nianze kwa kuwatetea, maana si wajinga. Mara ya mwisho Marekani kuwahalalisha watu wengi kwa pamoja ilikuwa 1986, chini ya Reagan, watu karibu milioni 2.7. Tangu hapo, kila jaribio kubwa limeanguka. Mswada wa kuwapa njia vijana walioletwa wakiwa watoto ulipelekwa bungeni kwa mara ya kwanza 2001. Desemba 2010 ulipata kura 55 dhidi ya 41 katika Seneti, na ukafa, kwa sababu kule ukitaka kumaliza mjadala unahitaji kura 60. Ndiyo, ulishinda kwa hesabu ukashindwa kwa kanuni. Halafu Juni 2012 Obama akatangaza mpango wa kuwakinga vijana hao wasifukuzwe na kuwaruhusu kufanya kazi. Zaidi ya watu laki nane wamewahi kupata kinga hiyo. Na jambo lililobadilisha mioyo ya watu kabla ya hapo lilikuwa picha, hakuna siri: vijana wamevaa majoho ya mahafali, wameketi sakafuni katika ofisi za maseneta, wanazungumza Kiingereza cha huko kuliko wenyewe. Hakuna aliyeweza kuwatazama akasema ni wageni. Mtu anayekuja kukuambia kwamba kuchagua sura ni unafiki, lazima kwanza awaangalie machoni hao laki nane.

Kutengeneza simulizi kwa ajili ya harakati ni elimu kabisa kule. Marshall Ganz, anayefundisha Harvard, ndiye anayetajwa sana: simulizi yangu, simulizi yetu, simulizi ya sasa. Kabla ya Harvard alikaa miaka kumi na sita na chama cha wafanyakazi wa mashamba cha Cesar Chavez kule California, kwa hivyo si mtu wa vitabu tu. Lakini chama hicho hicho, ambacho kimekumbukwa kwa heshima na wengi wa mrengo huo, mwaka 1974 kilianzisha kampeni ya kuwaripoti serikalini wafanyakazi wasio na makaratasi, kwa sababu wenye mashamba walikuwa wakiwatumia kuvunja mgomo. Baadaye chama kikabadilika, kikaunga mkono wahalalishwe. Naitaja tu kwa sababu tunapenda kudhani kwamba mstari kati ya maskini anayestahili na maskini asiyestahili huchorwa na tajiri. Mara nyingi unachorwa na jirani, tena wakati wa mgomo, akiwa na sababu nzuri.

Rudi kwa wale vijana wa majoho. Maneno yaliyokuwa yakiwatetea, na ambayo wanasiasa wa pande zote mbili waliyarudia hadi yakachosha, ni kwamba waliletwa nchini bila kosa lao wenyewe. Sikiliza vizuri. Kama kosa si lao, basi ni la nani? Kila mara sentensi hiyo ilipotamkwa, kuna mama mahali fulani alikuwa anashtakiwa mbele ya mtoto wake. Wengine katika vijana hao waliligundua mapema. Machi 10, 2010, kundi moja lilisimama Federal Plaza, Chicago, mbele ya ofisi za serikali yenyewe, wakataja majina yao na kusema kwamba hawana makaratasi na hawaogopi. Na kadiri miaka ilivyosonga, baadhi walikataa hata lile jina la waotaji, kwa sababu lilimwacha nje aliyeota akiwa na miaka arobaini, na aliyeacha shule.

Hapo ndipo mimi huinua mkono. Mpango wa 2012 ulitaka uwe umemaliza sekondari au una cheti kinacholingana, au uko shuleni, au umetoka jeshini kwa heshima. Sawa, sekondari nimemaliza. Lakini bangoni singewekwa. Hakuna mtu anayepiga picha joho ambalo halikuvaliwa.

Niwaambie kuhusu Anti yangu. Mji anaoishi sitautaja. Ni mdogo wa mama yangu, alienda majuu 2007 kwa viza ya kutembea, viza ikaisha, yeye hakuisha. Analea wazee wa watu: anawageuza kitandani, anawaosha, anawasikiliza wakimwita kwa jina la binti aliyeacha kuja kuwaona. Sisi huku tulijua siku ya mwisho wa mwezi kwa ujumbe wa simu.

Shosho alifariki 2018. Watu wengi huuliza, kwani kwa nini hakuja tu? Tiketi si kitu. Jibu liko katika sheria ya Marekani ya 1996: ukiwa umeishi huko bila ruhusa zaidi ya mwaka mmoja halafu ukatoka, unafungiwa nje miaka kumi. Ni sheria ya ajabu sana ukiitafakari. Iliwekwa kuwatisha watu wasikae, na imewatisha watu wasitoke. Kwa hivyo siku ya mazishi mimi ndiye nilikuwa simu. Nilisimama kando ya kaburi nikiwa nimeinua mkono saa nzima, mkono ukafa ganzi, mchungaji akihubiri, na Anti akiwa kwenye kioo, amevaa sare ya kazini kwa sababu zamu haikuwa imeisha. Walipoanza kurusha udongo aliniambia, "Shuka chini kidogo, sioni." Nikachuchumaa. Bando likaisha kabla ya shada la mwisho.

Juni 27, 2013, Seneti ya Marekani ilipitisha mswada mkubwa wa uhamiaji kwa kura 68 dhidi ya 32. Ungempa mtu kama Anti, aliyekuwa huko kabla ya mwisho wa 2011, njia ya miaka kumi na mitatu hadi uraia. Maelfu ya watu wa kawaida walifanya kazi kwa ajili ya mswada huo: walipiga simu katika ofisi za wabunge wakati wa chakula cha mchana, walijaza mabasi, walifunga. Baraza la Wawakilishi halikuukataa. Spika hakuuleta tu, ukaoza. Fanya hesabu rahisi, 2013 jumlisha kumi na tatu. Angekuwa anakaribia kula kiapo sasa.

Lakini ndani ya mswada ule ule kulikuwa na kifungu ambacho sijui ni Mkenya gani aliyekisoma wakati huo. Ulikuwa unaifuta bahati nasibu ya Green Card. Unaijua. Oktoba ilipofika kila saiba ilibandika karatasi mlangoni, wakakupiga picha mbele ya shuka jeupe, toa miwani, usicheke, wakakutoza pesa za kujaza fomu ambayo hadi 2025 serikali ya Marekani ilikuwa ikiitoa bure. Bahati nasibu hiyo ilizaliwa na sheria ya 1990, iliyoiwekea hadi viza 55,000 kwa mwaka, na kwa Mwafrika asiye na ndugu huko wala shahada ya maana, ilikuwa moja ya milango michache mno. Mpango ulikuwa kuifuta na kuweka mfumo wa alama, ambapo unapimwa kwa masomo na ujuzi wako. Baadhi ya wabunge weusi walilalamika. Wengine wote waliona ni biashara nzuri: chukua mmoja aliye ndani, mwache aliye foleni Nakuru.

Na hapa lazima niseme ukweli wangu. Kama ningeulizwa mwaka ule, wewe kijana, tukiifuta bahati nasibu ya watu usiowajua, Anti yako atakuja kumzika mama yake, ungesema nini? Ningesema futeni, hata msingemaliza swali. Ndiyo maana siwezi kuwakemea wale wa mwongozo wa kurasa mbili kana kwamba mimi natoka sayari nyingine.

Sasa, 2021. Chama cha Biden kilikuwa kinajaribu kuingiza uhalalishaji wa watu kadhaa ndani ya mswada wa bajeti, wakiwemo wafanyakazi walioitwa muhimu wakati wa korona. Yaani watu kama Anti, walioingia vyumba vya wagonjwa wakati watoto wa wagonjwa hao wanapunga mkono dirishani. Kanisani kwake kulikuwa na kikundi kidogo cha watetezi, mzungu mmoja mwalimu mstaafu, mama wawili kutoka Haiti, na Wakenya kadhaa. Wakamwomba atoe ushuhuda kwa mtandao mbele ya wasaidizi wa mbunge, jina la kwanza tu, kamera ikiwa imezimwa akitaka. Alikataa mara mbili. Mara ya tatu akakubali, na nadhani ni kwa sababu mzee aliyekuwa akimlea alikuwa amekufa wiki hiyo na alihitaji kumwambia mtu.

Walimsaidia kuandika. Walifuata mpango ule ule ambao mimi nilikuja kukutana nao baadaye, kwa hivyo unajua walimalizia na nini. Walimalizia na mtoto aliye shuleni. Kwa kuwa Anti hana mtoto, walimalizia na mimi. Kwamba kwa mikono yake hii, kijana wa dada yake yuko mwaka wa tatu chuoni, anasomea uhandisi wa umeme, na siku moja atawasha taa za kijiji chao.

Vyuo vilifungwa Machi 2020. Vikafunguliwa. Mimi sikurudi. Sababu ni nyingi na hakuna hata moja ambayo ingependeza katika maneno 300: nilikuwa nimeanguka masomo mawili, nilikuwa nimechoka kwa namna ambayo sikuwa na jina lake, na nilikuwa nimeanza kuona pesa kidogo za kuandika. Hakuna aliyeniumiza. Nilinyamaza tu. Anti aliendelea kutuma karo kwa muhula miwili, nami nikaendelea kusema asante, ubarikiwe. Jioni ile baada ya ushuhuda alinipigia akiwa na furaha ambayo sikuwa nimeisikia tangu kabla Shosho afariki. Akanisomea yote, hadi pale pa taa. "Umesikia vile nimekuweka?" Nikamwambia ni nzuri, Anti.

Nilimwambia ukweli Krismasi ya mwaka ule. Nilikuwa nimejiandaa kwa matusi, kwa kilio, kwa hesabu ya dola. Alinyamaza kwa muda mrefu kisha akauliza kitu ambacho sikukitarajia kabisa.

"Kwa hivyo mimi nilidanganya ofisi ya serikali?"

Nikaanza kujitetea, kwamba yeye hakujua, kwamba kutojua si kudanganya, falsafa zote. Akanikata. "Watu kama sisi huwa wanatuita waongo, unajua? Kwamba tulidanganya kuingia, tunadanganya kukaa. Miaka kumi na minne sijawahi kumwambia mtu wa serikali uongo. Niliogopa tu, sikudanganya. Sasa mara moja nimesimama, na ikawa uongo. Si ungeniambia tu, niseme nina kijana ameacha chuo na ninampenda?"

Kufikia wakati huo jambo lenyewe lilikuwa limekufa. Mshauri wa kanuni za Seneti, mtu ambaye hajachaguliwa na yeyote, alikuwa ameikataa mipango hiyo mara tatu, Septemba hadi Desemba, kwamba haifai kuwa ndani ya mswada wa bajeti. Kwa hivyo ushuhuda wa Anti haukuharibu kitu, wala haukujenga kitu. Ile taa ya kijiji haikumwangazia mtu. Lakini sentensi yake ya mwisho sijaweza kuijibu. Ilikuwa ushuhuda bora kuliko ule ulioandikwa, na hakuna mwongozo duniani ungeuruhusu.

Tatizo ninaloliona mimi ni la bei. Kila simulizi safi inayofika mezani kwa mbunge inapandisha bei ya inayofuata. Leo umemletea mwanafunzi bora, kesho ukimletea mwanafunzi wa wastani atauliza wa jana yuko wapi. Umemletea mama asiye na kesi, basi mwenye kesi ya kulewa ameshahukumiwa na mwenzake. Novemba 2014 Obama mwenyewe alipotangaza mpango mwingine wa kinga alieleza kwamba nguvu za serikali zitaelekezwa kwa wahalifu, si kwa familia. Ilipigiwa makofi. Kana kwamba mhalifu huzaliwa na jiwe. Yule baba wa mapaa angeketi upande gani, yeye ambaye familia yake ilianza usiku aliposhikwa?

Hannah Arendt, aliyeishi miaka mingi akiwa si raia wa nchi yoyote, aliandika juu ya haki ya kuwa na haki. Nilimsoma kwenye nakala ya wizi niliyopakua, kurasa kadhaa hazikuwepo, kwa hivyo kama kuna mahali alijibu swali langu huenda palikatwa. Lakini nilivyomwelewa, haki ni kitu ambacho unacho kabla hujasimulia. Mimi nilipata kitambulisho changu baada ya kumaliza Form Four, kwa barua ya chifu na vidole vyenye wino. Hakuna aliyeniuliza kama nalipa kodi, kama naenda kanisani, kama ninaota. Mnubi wa Kibra wa umri wangu, au Msomali wa Eastleigh, alipigwa msasa na kamati, akaulizwa babu yake alizaliwa wapi na karatasi iko wapi. Anayesimulia ni yule ambaye hatujaamua kama ni mtu wetu.

Ndipo huwa nafikiria Wamakonde. Oktoba 2016 nilikuwa kidato cha tatu, na nakumbuka taarifa ya saa moja: watu kama mia tatu wametoka Kwale kwa miguu, wanaelekea Ikulu. Wazee wao waliletwa kutoka Msumbiji enzi za mkoloni kukata mkonge na miwa, wengine walikuja wakikimbia vita vya ukombozi. Watoto na wajukuu wamezaliwa hapa hapa, na hawakuwa na kipande. Bila kipande huna laini ya simu kwa jina lako, huna akaunti, ukikutana na polisi barabarani unaeleza. Sheria ya 2011 ilikuwa imefungua dirisha la miaka mitano kwa watu wasio na uraia wowote walioishi hapa tangu uhuru. Miaka mitano ikaisha, wengi wao wakiwa bado wanangoja. Wakaondoka. Walizuiwa na polisi njiani wakaendelea. Oktoba 13 Uhuru akawapokea Ikulu, akaomba msamaha kwa kucheleweshwa kwao, akaagiza wapewe vitambulisho kabla ya Desemba kuisha. Ndio hao tunaowaita kabila la 43.

Ninachopenda katika safari ile ni kwamba hakuna aliyechujwa. Alitembea aliyezeeka na aliyebeba mtoto. Nina hakika alitembea mlevi mmoja au wawili, katika watu mia tatu huwezi kuwakosa. Na wako Wamakonde ambao miaka ya nyuma walikuwa wamelazimika kujiandikisha kama watu wa kabila jingine ili wapate kadi, jambo ambalo katika mwongozo wangu lingepata alama nyekundu kubwa kuliko zote. Pale barabarani halikuwa aibu ya mtu, lilikuwa ndilo hoja yenyewe: angalieni mlichotufanya tuwe.

Sitaki kuipaka asali. Uchaguzi ulikuwa Agosti 2017, na mtu mwenye kitambulisho kipya ni mtu mwenye kura mpya. Nadhani Ikulu ilijua kuhesabu. Tena rais wa hapa aliweza kuamuru, na walipofika langoni hakukuwa na ndege inayowangoja. Mwambie Anti atembee kwa miguu hadi Washington aone. Wako vijana wanne walioanza kutembea kutoka Miami Januari 1, 2010 hadi mji huo, wakafika, na Desemba mswada wao ukaanguka kwa kura nilizotaja. Mashinani ya huko inaombea watu wasio na kura, kwa watu wanaohesabu kura. Katika soko la namna hiyo, simulizi ndiyo pesa pekee waliyo nayo, na ninaelewa kwa nini mtu angetaka iwe noti mpya.

Baadaye niliuliza kama wale watu husomewa tulichoandika kabla hakijatumwa. Niliambiwa ndiyo, kila mmoja, kwa lugha yake, na yule baba alisomewa akasema sawa. Nilifarijika siku mbili hivi. Kisha nikaanza kujiuliza sawa hiyo ni ya aina gani, ya mtu aliyesimama mlangoni na mwenye ufunguo anamwambia vua viatu. Huenda alifurahi. Huenda hakutaka usiku ule ujulikane kabisa, alipitiwa tu mbele ya simu, na mimi ninayemsikitikia sentensi yake ndiye ninayemvua nguo hapa, kwa ajili ya insha. Hilo nalo nimelifikiria.

Kazi ile sikuiacha kwa hasira ya haki. Pesa za mradi ziliisha, wakatuma barua ya kutushukuru.

Nilipotaka kuandika haya nilimpigia Anti kwanza. Alikuwa ndani ya gari, mapumziko ya dakika kumi na tano, nilisikia karatasi ya sandwichi. Aliuliza kama nitaweka ile ya chuo. Nikasema nitaweka. Aliuliza kama nitaweka ya Shosho na simu. Nikasema kama unakubali. "Weka. Hata ile ya kuniambia bando limeisha." Nilimsomea yote juzi, ilichukua mapumziko mawili. Aliniomba nitoe kitu kimoja, chake, cha miaka ya kwanza kule. Nimekitoa. Sikumuuliza kwa nini, wala sikuweka alama.